Bipu Moja Asubuhi

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba, nakutangulizia jibu kabisa, maana shikamoo utaisahau kama ulivyoisahau kwenye barua iliyopita. Hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Baba yako tangu astaafu amegeuka fundi wa kila kitu. Juzi ametengeneza bomba la jikoni, na sasa maji yanatoka kila mahali isipokuwa bombani. Mama yako ameficha sanduku la vifaa chini ya mashuka ya wageni, na baba yako, kaka yangu mwenyewe, analisaka nyumba nzima akiniuliza kama nimeliona. Nimemwambia sijaliona. Mungu anisamehe.

Umeniuliza kwa nini nakusumbua na barua wakati wewe ni fundi simu na mimi simu ninayo. Nakujibu mara moja tu. Kwenye simu utaniuliza hujambo, nami nitasema sijambo, hata kama nimelala na siwezi kushika kikombe. Ndivyo tulivyolelewa, neno lenyewe linatoka kabla mtu hajafikiri. Kwenye karatasi siwezi kusema sijambo kurasa mbili nzima. Mkono unachoka kudanganya.

Basi hali yangu ya kweli ni hii. Baridi yabisi imerudi. Ilikuwa imetulia muda mrefu nikadhani tumeachana kwa wema. Asubuhi vidole vimevimba, navichovya kwenye maji ya uvuguvugu hadi vikubali kukunjika. Siku nyingine saa nne viko sawa, siku nyingine mpaka jioni vimenigomea. Daktari anasema ugonjwa huu hauna ratiba. Nimemwambia mimi ninayo.

Maana kile chumba cha kushonea magauni ya upasuaji pale hospitali, nilichokishika tangu wewe huna meno, kimepata msimamizi mpya. Si mtu mbaya. Ameangalia siku nilizokosa kazini, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, chumba cha upasuaji hakiwezi kusubiri vidole vyako." Anataka mtu atakayeahidi kuja kila siku. Nimelia njia nzima hadi nyumbani. Nakwambia wewe peke yako, na ukimwambia baba yako nitakuja huko nikuvute masikio. Bila kile chumba sijui mimi ni nani.

Nasikia bosi wako anataka kukupa duka la pili ulisimamie. Mbona hukuniandikia? Habari nimeipata kwa mama yako, tena nusunusu.

Shangazi yako

8 Machi

Shikamoo Shangazi, na shikamoo nyingine ya ile niliyodaiwa.

Mimi ni mzima. Duka letu ni lile lile, upana wake mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Mbele kuna meza ya kioo yenye makava ya simu, nyuma naketi mimi na taa yangu na lenzi. Mzee Chaji, huyo bosi wangu, anakaa mlangoni akipiga soga na wateja na kuwaahidi kwamba simu itakuwa tayari sasa hivi. Halafu ananigeukia mimi.

Ni kweli ameniambia habari ya duka la pili, karibu na chuo. Nimemwomba anipe muda nifikirie. Sijui kama niko tayari. Tusilizungumze sana hilo.

Shangazi, nimeumia kusikia habari ya chumba chako. Huyo msimamizi hajui anachofanya. Baba nimemwambia tu kwamba unamsalimia.

Halafu nilitaka kukuuliza. Kuna rafiki yangu hapa kazini, msichana tu wa rika langu, asubuhi vidole vyake havikunjiki. Anaangusha vitu vidogo. Wewe ulianzaje? Anaogopa kwenda hospitali. Anasema wakishautaja huo ugonjwa jina, jina litakuwa lake.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako amelipata sanduku. Ametengeneza mlango wa mbele, na sasa tunaingilia wa nyuma.

Huyo rafiki yako mwambie aende hospitali kesho, asingoje kesho kutwa. Mimi nilianza hivyo hivyo, nikajidanganya kwamba ni uchovu, ni maji ya kufulia, ni kulalia mkono vibaya. Nilikuwa na sababu tele. Jina halikunipa ugonjwa, ugonjwa nilikuwa nao tayari. Jina lilinipa dawa. Mwambie pia ninampenda, ingawa hatujaonana.

Sasa keti nikupe langu. Nimemwendea msimamizi ofisini. Nikamwambia, "Umesema unataka mtu mmoja anayekuja kila siku. Mimi nitakuletea wanne, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuja kila siku." Alinitazama akidhani homa imenipanda kichwani. Matroni alikuwepo, ndiye aliyecheka kwanza, akasema, "Waache wajaribu." Tumepewa mpaka mwisho wa Agosti.

Wenzangu nimewapata kwenye benchi la kliniki, maana tukikaa pale kungoja dawa tunajuana kuliko ndugu. Wa kwanza ni Sauti, mwenye pumu. Tunamwita Sauti kwa sababu ana kikohozi na bado anaongea kutushinda wote. Wa pili ni Mama Mapacha, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu, tangu utotoni, na pindo lake limenyooka utadhani amepiga rula. Wa tatu ni Mwalimu, alifundisha ushonaji mpaka kipandauso kikamtoa darasani. Kikimshika hawezi kutazama dirisha. Vyerehani ni viwili, kwa hiyo kila siku wanatakiwa wawili tu. Wanne wagonjwa watashindwaje kutoa wawili wazima? Nimepanga zamu za miezi yote, kwa wino mwekundu, na nimebandika ukutani.

Nina furaha kama msichana. Niandikie upesi.

Shangazi yako

11 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kukawia. Kazi ni nyingi. Mzee Chaji bado ananiuliza habari ya duka, nami bado nafikiria. Hongera kwa hao wenzako. Rafiki yangu anasalimu.

Mwanao

25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliingoja mpaka mama yako akaanza kunicheka, na ilipofika haijazi kiganja. Mistari yenyewe imepinda. Sisemi kitu. Naeleza tu nilichokiona.

Zamu zimetuvunjia heshima. Alhamisi ilikuwa zamu ya Mama Mapacha na Sauti. Alfajiri Mama Mapacha maumivu yakamkamata mifupa yote akalazwa, Sauti naye kifua kikambana. Kila mmoja aliamini mwenzake atakwenda. Na mimi? Mimi nilikuwa nyumbani, vidole laini kama vya mtoto, nafua mapazia! Mwalimu naye mzima kabisa, anamwagilia maua yake. Haikuwa zamu yetu, ndiyo sababu hatukwenda. Chumba kikashinda kimefungwa. Magauni ya upasuaji yakawa hayatoshi, mgonjwa aliyeandaliwa akangojeshwa hadi walipokopa kwenye hospitali nyingine.

Msimamizi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Wawili kati yenu walikuwa wazima na mlango ulifungwa." Amesema hatutaondolewa kabla ya mwisho wa Agosti, kwa kuwa aliahidi, lakini ikitokea tena tusingoje Agosti.

Sauti anataka tuache. Mwalimu ananiuliza nimefikiria nini, nami sijafikiria chochote. Nimebandua ile karatasi yangu ya wino mwekundu, nikaichana vipande vidogo kabisa. Nina hasira na mikono yangu hata inapokuwa mizima. Siku hiyo ilikuwa mizima, na sikuitumia.

Shangazi yako

8 Juni

Shikamoo Shangazi wangu,

Safari hii sikawii. Msiache.

Kosa lenu ni kuupangia ugonjwa siku, na wewe mwenyewe uliniambia hauna ratiba. Mtu hawezi kujua Jumatatu atakavyoamka Alhamisi. Anachojua ni alivyoamka leo. Basi anzieni hapo. Kila mmoja akiamka ajipime kwanza. Wewe kunja ngumi. Sauti avute pumzi mpaka chini. Mwalimu afungue pazia. Mama Mapacha ashuke kitandani atembee. Anayeweza awabipu wenzake, bipu moja tu kwa kila mmoja, asipokee mtu. Asiyeweza anyamaze. Wawili wa kwanza kubipu ndio wanaokwenda, waliobaki ni akiba. Hata hicho kisimu chako cha tochi kinaweza kubipu, na hutalazimika kumwambia mtu sijambo.

Na jambo moja muhimu kuliko yote. Aliyenyamaza asipigiwe simu. Asiulizwe kaumwa wapi, kaumwaje, kala nini. Asipewe pole. Shangazi, watu hawajui. Unalala pale unangoja mkono wako urudi, simu inalia, unaipokea kwa kiwiko, na mtu anakupa pole kwa uchungu hadi inabidi wewe ndiye umfariji. Ukikata, unaanza kujilaumu kwamba umewasikitisha watu. Kimya kiwe na maana moja, kwamba leo hapana, basi. Halafu kesho yake akibipu, ameshaingia kazini, na hakuna anayemtazama usoni kumchunguza.

Jaribuni. Tafadhali.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, tena marahaba!

Inafanya kazi. Siku ya kwanza Sauti alibipu akasahau kukata, akaanza kunisimulia ndoto. Sasa ameshajua. Asubuhi nakunja ngumi, nikiweza nabipu, nawasha maji ya chai. Wakinitangulia wawili narudi kulala bila kuona haya. Mlango haujafungwa hata siku moja tangu tuanze.

Na tumeongeza yetu. Mwalimu ametukataza kumiliki nguo. Gauni likianzwa na mmoja linamalizwa na yeyote. Maumivu yakikuanza unamaliza mshono ulioushika, huachi katikati, unaweka alama ya chaki pale mwenzako atakapoanzia, unavaa viatu vyako unakwenda. Hakuna anayekuuliza. Siku tukiwa na nguvu tunashona kupita kiasi na kujaza rafu, ili hata siku wote wanne tukinyamaza chumba cha upasuaji kisijue. Mama Mapacha alitoka wodini, akakuta gauni aliloliacha nusu limekwisha, limefuliwa na limeshavaliwa. Alicheka mpaka tukaogopa.

Sasa nikuulize. Hiyo habari ya kupokea simu kwa kiwiko umeijuaje? Nimeugua miaka yote hii, na sijawahi kumwambia mtu hilo la kuwafariji wanaonipa pole, kwa sababu hata mimi sikujua namna ya kulisema. Wewe umelisema kwa mistari miwili. Na huyo rafiki yako wa kazini, mwanangu, duka lenu unagusa kuta zote mbili, na ndani mnakaa wewe na Mzee Chaji. Yeye anakaa wapi, ndani ya droo?

Sitauliza tena. Kwa baba yako sijasema neno. Lakini kama ni wewe, nibipu. Mara moja. Sitapiga.

Shangazi yako

15 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Siku barua yako ilipofika niliisomea dukani, nikaiweka chini ya lenzi nikaisoma tena kana kwamba kuna herufi nimezikosa. Nikachukua simu nikakubipu. Halafu nikakaa naitazama, nasema moyoni sasa atapiga, hawezi kujizuia, namjua. Hukupiga. Sijui nikushukuru vipi kwa ule ukimya. Nililia vizuri, peke yangu, kwa muda nilioutaka mwenyewe.

Ni mimi. Ilianza mwaka jana. Zile skrubu za simu ni ndogo kama punje ya sukari, nikawa nazidondosha na kumwambia Mzee Chaji kwamba nimeangusha kalamu. Mwezi wa nne nilishindwa kuvaa nguo bila msaada wa jirani, na ndiyo sababu ukakosa barua. Duka la pili nililikwepa kwa sababu nani anampa duka mtu asiyejua kama kesho atafungua kufuli?

Nimekwenda hospitali. Ni baridi yabisi, jina ni lile lile la kwako. Nimeanza dawa. Daktari hakuniahidi kitu, na nimemheshimu kwa hilo.

Kisha nikamwendea Mzee Chaji, nikamwambia yote nimesimama, kabla sijabadili nia. Nikamwambia nalitaka lile duka, ila asubuhi napokea simu za wateja na kuandika ubovu, sifungui simu yoyote kabla ya saa sita mchana. Na mfanyakazi wa pili tunayemwajiri ajue kufungua, ili nikinyamaza afungue yeye. Alikuna kidevu. Akasema, "Wateja wa kule ni wanafunzi wa chuo. Umewahi kumwona mwanafunzi ameamka kabla ya saa sita?"

Tumefungua Jumamosi. Kwenye kioo nimeandika kwa rangi, herufi kubwa, na nimeziandika mwenyewe mchana: SIMU ZINAFUNGULIWA KUANZIA SAA SITA. Hakuna aliyeuliza sababu. Siku ya tatu foleni ilifika barabarani.

Bado naogopa, Shangazi. Kuna asubuhi nafungua macho na sikunji ngumi, nabaki tu nimeogopa kujua. Lakini siogopi tena kuonekana. Baba na mama nitawaambia mwenyewe wiki hii. Mwombee baba asije huku kunitengenezea mlango.

Mwisho wa Agosti umekaribia. Nimekaa roho juu. Niandikie siku ile ile.

Mwanao

31 Agosti

Mwanangu kipenzi,

Marahaba ya moyo wote. Baba yako amepata habari zako, amepimapima mbao uani asubuhi nzima, halafu akaja kuniuliza fundi simu hutumia kiti cha urefu gani. Jiandae. Mama yako analia na kujisifu kwa wakati mmoja kwamba alijua siku nyingi. Hakujua.

Nakuandikia nikiwa hapa hospitali, kwenye ngazi za nje ya chumba cha kushonea, karatasi nimeiweka pajani. Nitakwambia kwa nini niko nje.

Leo ndiyo siku ya msimamizi na matroni kuja kukagua na kutoa neno. Nimeamka alfajiri. Nikakunja ngumi, ikakunjika yote, kidole gumba juu. Nikashika simu nibipu, nikakuta inaita yenyewe. Sauti. Ikakatika, ikaita tena. Mwalimu. Kabla sijaweka chini, Mama Mapacha. Nani alitangulia? Kila mmoja anaapa ni yeye. Na mimi nikabipu wote hata hivyo, nikiwa tayari nimevaa kiatu kimoja.

Mwanangu, sisi tulijiandaa kwa kila kitu. Mmoja akiugua, wawili wakiugua, wote wanne tukiugua, tuna rafu nzima ya magauni ya siku hiyo. Siku ya wote wanne kuwa wazima hatukuifikiria kabisa. Haikutupitia akilini kwamba ipo.

Tumefika mlangoni wanne, viti viwili. Mama Mapacha akakimbia, ndiyo, akakimbia, akakalia cherehani cha dirishani na kukikumbatia. Sauti akakalia cha pili akisema uzi uliomo ni wake. Mwalimu akatandaza kitambaa sakafuni akaanza kukata akiwa amepiga magoti, na mimi nikasimama katikati na mkasi, nawaamuru wanipishe, hakuna anayenisikiliza. Hapo ndipo msimamizi alipofungua mlango, akakosa pa kuweka mguu.

"Mliniambia wawili," akasema.

"Wengine ni akiba," nikamjibu.

"Leo akiba ni nani?"

Hakuna aliyeinua mkono.

Akapita kwa kuruka vitambaa hadi kwenye rafu. Akashusha gauni moja, akavuta mishono kwa nguvu zake zote, ikagoma kuachia. Akauliza limeshonwa na nani. Pindo ni la Mama Mapacha, hilo linajulikana, mikono labda ni mimi, shingo Mwalimu anasema ni Sauti na Sauti anasema ni Mwalimu. Akauliza, "Sasa kwenye karatasi ya mwenye chumba niandike jina la nani?" Matroni akamwambia, "Waandike wote, nafasi ipo." Na akaandika hapo hapo, akiegemeza karatasi ukutani, wote wanne, akakosea jina la Sauti na Sauti akamrekebisha kwa sauti ya kusikika mpaka wodini. Chumba ni chetu. Halafu msimamizi mwenyewe akavua koti akaenda stoo na mtu mmoja, wakarudi wamebeba cherehani cha tatu kilichokuwa kinakula vumbi.

Nilipiga kigelegele, mimi, ndani ya hospitali. Matroni hakunikemea.

Cherehani cha tatu amekiwahi Mwalimu. Kwa hiyo niko nje, mikono mizima yote miwili, sina kiti wala kazi, na ndani wanacheka kwa makelele ya kuudhi. Nimegonga mara mbili nikiomba zamu, wameniambia ningoje mmoja augue. Kesho sijui nani ataamka vipi, hata mimi sijui. Leo tumejaa mpaka ngazini.

Shangazi yako